Sikwensa, kondishona, stabilaiza, gadi au UPS? Ulinganisho kwa wenye raki za mitambo Nairobi

Ukiingia kwenye maduka ya vyombo vya sauti Luthuli Avenue na kuomba kitu cha kulinda raki (fremu ya kufungia vyombo), utatolewa visanduku kadhaa vyenye upana uleule wa inchi 19, vyeusi vyote, vyenye safu ya taa ndogo na namba za volti zinazong'aa. Kwa sura ni ndugu. Kwa kazi hawafanani: kimoja (sikwensa) kinapanga zamu ya kuwasha vyombo, kingine (kondishona) kinachuja uchafu wa stima, cha tatu (stabilaiza) kinapandisha na kushusha volti, cha nne (UPS) kinashikilia mitambo kwa betri stima ikipotea. Na kile kinachookoa vyombo vingi zaidi hapa mjini mara nyingi hakimo kwenye safu hiyo. Ni gadi ya volti, inayokata stima ikitoka nje ya kiwango, na inauzwa duka la jirani, upande wa friji na televisheni.

Ulinganisho huu ni wa mafundi mitambo wa makanisa, wenye studio ndogo, wanaokodisha vyombo vya sherehe, na yeyote mwenye raki ya mtandao ofisini. Nikiulizwa kinunuliwe kipi kwanza, jibu langu ni hili: waya wa ardhi (unaoshusha mvujo wa stima udongoni) na gadi ya volti kwanza, kisha sikwensa au UPS kulingana na kazi, na kondishona ya bei kubwa mwisho. Watu wengi hufuata mpangilio wa kinyume, kwa sababu sikwensa inaonekana kwenye raki na gadi haionekani.

Stima inaumiza vyombo kwa njia zipi

Kenya inatumia volti 240 kwa hezi 50, na volti 415 kati ya fezi na fezi. Vyombo vinavyouzwa hapa vimetengenezwa kwa kiwango hicho, na sehemu kubwa ya siku stima huwa haina neno. Madhara hutokea katika zile dakika chache inapotoka nje ya kiwango.

Kuna volti kushuka. Kwenye ghorofa yenye shawa ya stima katika kila bafu, utaiona asubuhi watu wanapojiandaa kwenda kazini: kila shawa inavuta kilowati kadhaa, taa zinafifia, na studio iliyoko chini inaanza kulalamika. Kanisa lililopakana na mafundi wa kuchomelea kule Kariobangi Light Industries linaiona kila mara elektrodi inapogusa chuma.

Kuna mpigo mfupi, ule wa sehemu ndogo sana ya sekunde, unaoletwa na radi ya mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, au na pampu ya kisima inapozimwa kwenye laini hiyohiyo. Ni mfupi kiasi kwamba jicho halioni taa ikibadilika, lakini unatoboa kapasita na chipu.

Kuna nyutro kukatika, na hapa naomba usome polepole. Nyumba nyingi zinachukua fezi moja (waya unaoleta stima) na nyutro (waya wa kuirudisha) kutoka transfoma ya fezi tatu. Nyutro ya pamoja ikilegea au ikikatika kwenye nguzo, nyumba za fezi tofauti zinajikuta zimeungana moja baada ya nyingine katikati ya volti 415. Nyumba yenye mzigo mkubwa inabaki na volti kidogo, na yenye mzigo mdogo inapokea volti inayoweza kukaribia 415 yote. Kanisa siku ya Jumanne, likiwa na taa mbili na raki iliyoachwa imewashwa, ndiyo nyumba yenye mzigo mdogo. Hali hiyo haidumu kwa mikrosekunde. Inaweza kukaa dakika nzima au saa, na ndiyo maana kinga ya kawaida ya mpigo haifui dafu mbele yake.

Mwisho kuna kupotea na kurudi. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Tukio kubwa hivyo linakumbukwa na kila mtu, lakini kwa raki yako hatari ni ileile hata mtaa mmoja ukipotea: stima ikirudi, friji, pampu na shawa za mtaa mzima zinaanza kuvuta kwa wakati mmoja, volti inayumba, na mara nyingine inawaka, inazima, inawaka tena kabla ya kutulia.

Kwa mtazamo mmoja

| Kifaa | Kupanga zamu | Mpigo mfupi | Volti ikiwa chini | Volti ikiwa juu kwa muda | Stima ikipotea |
|---|---|---|---|---|---|
| Sikwensa ya bei nafuu | ndiyo | kidogo au hapana | hapana | hapana | vyote vinazima pamoja |
| Kondishona ya varista (kidonge cha kumeza mpigo) | hapana | ndiyo, mpaka varista ichoke | hapana | hapana, yenyewe huungua | inazima |
| Kondishona ya koili yenye kukata volti | baadhi | ndiyo | hapana | inakata | inazima |
| Gadi ya volti | hapana | kwa kiasi | inakata | inakata | inazima, kisha inachelewesha kurudi |
| Stabilaiza | hapana | kidogo | inapandisha | inashusha ndani ya mipaka yake | inazima |
| UPS ya kawaida | hapana | kwa kiasi | inapandisha au inahamia betri | inashusha kidogo au inahamia betri | inashikilia, kwa pengo dogo |
| UPS ya onlaini | hapana | ndiyo | inarekebisha | inahamia betri | inashikilia bila pengo |

Hakuna mstari wenye majibu yote. Ndiyo sababu raki nzuri huwa na vifaa viwili, na mara nyingine vitatu, vilivyopangwa kwa utaratibu unaofaa.

Sikwensa

Kazi yake ni moja na ni muhimu. Unapowasha, inaanza na vyanzo: mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti), prosesa, risiva za maiki. Baada ya sekunde moja au zaidi inawasha krosova (inayogawa sauti za juu na za chini), na mwisho kabisa amplifaya. Unapozima inarudi nyuma, amplifaya zikitangulia. Mikisa inapowaka hutoa msukosuko kwenye waya za sauti. Ikiwa amplifaya tayari ziko macho, msukosuko ule unageuka kishindo kinachopiga koni na kuchoma koili nyembamba ya honi, ile sehemu ya spika inayotoa sauti za juu. Honi moja ya spika kubwa si kitu cha kununua kila mwezi.

Faida ya pili haisemwi sana. Amplifaya yenye transfoma kubwa ya duara, au yenye kapasita nyingi, inavuta mkondo mkubwa sana katika mizunguko michache ya kwanza baada ya kuwashwa, mara nyingi zaidi ya ule inaovuta ikicheza. Breka ya aina ya B inaruka papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake, aina ya C mara 5 hadi 10, na aina ya D mara 10 hadi 20. Ukiwasha amplifaya nne kwa swichi moja ya ukutani, breka ya B ina kila sababu ya kuruka. Ukiziwasha kwa zamu, kila moja inamaliza kishindo chake kabla ya nyingine kuanza. Kama breka ya ukumbi wenu huruka kila Jumapili mnapowasha, jaribuni sikwensa kabla ya kumwambia fundi aweke breka kubwa zaidi. Breka inalinda waya ulio ndani ya ukuta. Ukiweka kubwa kuliko waya unavyostahimili, umealika moto.

Sasa upande wa pili. Fungua sikwensa ya bei nafuu (ukiwa umeitoa kwenye stima) utakuta relei nane (swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa stima) zimepangwa mstari, saketi ndogo ya kuhesabu muda, na wakati mwingine varista moja ya buluu karibu na mahali waya unapoingia. Zamu inapangwa vizuri kabisa. Ulinzi wenyewe ni ile varista moja, kama ipo. Namba za volti usoni ni za kukuarifu tu: zikionyesha 290, sikwensa ya namna hii itaendelea kupitisha 290 kwenye mikisa yako.

Kuna mambo mawili ya kuijaribu kabla ya kununua. La kwanza ni tabia yake stima ikipotea na kurudi. Baadhi zinaanza zamu upya zenyewe mara tu stima inaporudi ikiwa ufunguo umeachwa umewashwa. Nyingine zinabaki zimezima mpaka mtu abonyeze. Kwa Nairobi nachagua ya pili bila kusita, kwa sababu ile ya kwanza inakabidhi vyombo kwa stima katika dakika ileile ambayo bado inayumba. Mwambie muuzaji aiwashe, achomoe plagi, arudishe, na muone wote wawili inafanya nini.

La pili ni matundu. Nyingi zina soketi zinazopokea plagi za kila nchi. Plagi yetu ya pini tatu nene inaingia, lakini ukiitikisa inacheza, na mara nyingine pini ya ardhi haishiki sawasawa. Soketi inayocheza ikibeba amplifaya inapata moto, plastiki inageuka rangi ya kahawia, na siku moja inanuka. Sikwensa yenye soketi za pini tatu za kwetu, au yenye matundu ya zile waya za kompyuta, ni bora hata kama ina njia chache.

Ishara ya relei iliyochoka ni hii: umezima kwa ufunguo, taa ya njia ya saba imezima, lakini amplifaya iliyoko njia ya saba bado inawaka. Kishindo cha kuwasha kimeunganisha vidole vya relei. Njia hiyo haina zamu tena, na inafaa kutengenezwa kabla ya ibada au shoo inayofuata.

Jambo moja halitatuliwi na sikwensa peke yake: stima ikipotea ghafla, au tokeni zikiisha katikati ya mahubiri, vyombo vyote vinazima pamoja bila zamu. Hapo ndipo UPS ya mikisa inapoingia, nitaifikia.

Kondishona

Hapa bei zinatofautiana kuliko popote, na tofauti iko ndani. Aina ya kwanza inategemea varista, kidonge kinachokaa kimya kwenye volti ya kawaida na kufungua njia volti ikiruka, ili mpigo upitie kwake badala ya kwenye mikisa. Inafanya kazi. Ila kila mpigo unailamba kidogo, na baada ya mipigo mingi inaisha. Nzuri zina taa inayosema kinga bado ipo. Taa hiyo ikizima, umebaki na ekstenshoni ya bei ghali. Na kwa nyutro iliyokatika, varista haina uwezo: imetengenezwa kumeza kitu cha mikrosekunde, ukiilisha volti 400 kwa dakika nzima inapasuka na kutoa moshi.

Aina ya pili inaweka koili kubwa kwenye njia ya stima yenyewe. Mpigo unapokuja, koili inaukataa na kuupunguza makali, na haichakai kama varista. SurgeX walijijengea jina kwa njia hii, na Furman, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1974 na Jim Furman, ina modeli zinazochanganya hatua kadhaa za ulinzi pamoja na saketi inayokata stima kabisa volti ikizidi. Hizi ni kondishona za kweli. Baadhi ya modeli zina sikwensa ndani yake, na kwa mwenye pesa ya kutosha hicho ni kifaa kimoja kinachofanya kazi ya viwili.

Angalizo kwa wale wanaotumiwa vyombo na jamaa walioko Marekani: kondishona iliyonunuliwa kule ni ya volti 120 na soketi za kule. Haifai kuchomekwa ukutani hapa. Furman huweka herufi E kwenye majina ya modeli za volti 220 hadi 240, kwa hiyo tazama herufi hiyo na lebo ya nyuma kabla jamaa yako hajalipia mzigo wa ndege.

Na kuna ahadi moja inayotolewa dukani ambayo ningependa iachwe: kwamba kondishona itaondoa mngurumo kwenye spika. Mngurumo mwingi unatokana na mzunguko wa ardhi, yaani vyombo viwili vimeunganishwa na ardhi kwa njia mbili, moja kupitia plagi na nyingine kupitia waya wa sauti, mara nyingi raki ikiwa imechomekwa ukuta mmoja na jukwaa ukuta mwingine. Dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye laini moja, au kuweka transfoma ya sauti kati ya hivyo viwili. Kichujio cha stima hakiufikii.

Gadi ya volti

Hiki ndicho kifaa ninachokitetea kuliko vyote. Wakenya wanakijua kwa kazi ya kulinda friji na TV. Kinapima volti muda wote. Ikipanda au kushuka kupita mipaka, kinakata. Ikirudi kawaida, kinasubiri kwanza, sekunde kadhaa au dakika kadhaa kulingana na modeli, halafu ndipo kinaruhusu. Ule muda wa kusubiri ndio unaozivusha raki zetu ile dakika mbaya ya stima kuyumba inaporudi.

Gadi ndogo za kuchomeka ni za ampea chache na hazifai raki yenye amplifaya. Ziko za kufungwa na fundi kwenye laini: Sollatek AVS30, kwa mfano, ni ya ampea 30 na inakaa kati ya breka na soketi za mitambo. Fundi aliyesajiliwa anaimaliza mapema, na inalinda kila kitu kilicho baada yake, pamoja na sikwensa, UPS na stabilaiza. Kwa nyutro iliyokatika, gadi inaona volti inapanda na kufungua njia kabla vyombo havijapika.

Haipangi zamu, haichuji, haishikilii. Stima ikiwa chini mtaani kwenu kila jioni, itakata kila jioni, na hapo utakuwa na vyombo salama visivyofanya kazi.

Stabilaiza

Kabla ya kununua, geuza chombo utazame lebo ya nyuma. Ukiona 100-240V, chombo hicho kinajirekebisha chenyewe. Stima ikishuka mpaka 170 hakitajua. Mikisa nyingi za dijitali, ruta, kompyuta na risiva ziko hivyo. Kuziwekea stabilaiza kwa ajili ya volti ya chini ni kupoteza pesa ambazo zingenunua gadi. Lebo ikisema 220-240V au 230V peke yake, kama kwenye amplifaya nyingi za zamani zenye transfoma nzito, stabilaiza ina kazi.

Kuna za relei, zinazobadilisha hatua kwa hatua huku zikitoa mlio wa tak-tak na volti ikiruka kidogo kila hatua, na za mota, zinazozungusha brashi ya kaboni juu ya koili na kurekebisha taratibu na kwa ulaini. Ya mota ni bora kwa sauti, lakini ina uzembe wake: volti ikiwa chini kisha ikirudi juu ghafla, brashi bado iko mahali pa kupandisha, na kwa muda mfupi inatoa volti ya juu kuliko ukuta. Nzuri zina kinga ya kukata hapo. Uliza.

Kipimo cha ubora ni uzito. Shaba na chuma vina uzito. Kisanduku kilichoandikwa 5000VA (volti-ampea, kipimo cha mzigo kinaobeba) unachokiinua kwa vidole viwili hakina 5000VA. Na amplifaya za besi usizipitishe kwenye stabilaiza ndogo: kila teke la ngoma linavuta mkondo kwa ghafla, stabilaiza inazama, na besi inalegea.

UPS

UPS ya kawaida, ile inayouzwa kwa ajili ya kompyuta, inapitisha stima ya ukutani na kuhamia betri kwa milisekunde chache stima ikipotea. Nyingi za bei ndogo zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na baadhi ya saplai za kisasa za kompyuta na seva hulikataa na kuzima papo hapo. Kwa raki, tafuta iliyoandikwa kwamba wimbi lake ni laini.

UPS ya onlaini inageuza stima yote kuwa ya betri na kuirudisha tena kuwa stima ya kawaida muda wote, kwa hiyo vyombo havioni kabisa yanayotokea ukutani. Ni ghali, inatoa joto, na feni zake zina kelele. Haifai chumba cha kurekodia. Inafaa sana chumba cha seva.

Usichomeke amplifaya za spika kwenye UPS. Zinavuta vilele ambavyo UPS ndogo haiwezi kuvitoa, na muziki ukipanda itazidiwa na kuzima vyote. Chomeka ubongo peke yake: mikisa, prosesa, risiva, ruta, laptopu ya nyimbo. Behringer X32 inatumia takriban wati 120. Ukiongeza hivyo vingine uko kwenye wati 250 hivi, na UPS ya 1000VA yenye betri nzuri itakupa muda wa kuwasha jenereta. Spika zitanyamaza, lakini stima ikirudi mikisa haitahitaji kuamka upya, na haitakuwa na kishindo cha kuzipelekea amplifaya zinapowaka. Hili ndilo jibu la lile pengo la sikwensa: ubongo kwenye UPS, misuli kwenye sikwensa.

Mwenye jenereta ndogo ajue hili pia. Jenereta ikibebeshwa na kupunguziwa mzigo, hezi zake zinayumba, na UPS ya kawaida inaweza kuikataa na kubaki kwenye betri mpaka iishe huku jenereta inanguruma nje. Baadhi zina mpangilio wa kupunguza wepesi wa kukataa. Utafute kabla ya siku ya kazi. Na kabla ya kugeuza chenji-ova (swichi ya kuhamisha) kutoka jenereta kwenda stima ya kawaida, zima amplifaya kwanza.

Betri za UPS hizi ni za risasi zilizofungwa, na hudumu miaka 3 hadi 5 mahali penye ubaridi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, umri unakatika karibu nusu. Raki iliyofungiwa kwenye kabati nyuma ya madhabahu bila hewa inazila haraka.

Waya wa ardhi

Vyombo vingi vya raki vina kapasita ndogo kati ya laini za stima na bati la nje, za kuchujia kelele. Ardhi ikiwepo, ule mvujo mdogo unashuka chini kimya. Ardhi ikikosekana, bati la raki linaelea kwenye karibu nusu ya volti ya ukuta. Mkondo ni mdogo, lakini mwimbaji mwenye gitaa mkononi akigusa maiki kwa midomo anahisi kuwashwa na kushtuka. Kama waimbaji wenu wanalalamika hivyo, acheni kutumia ukumbi ule mpaka fundi apime ardhi kwa kifaa cha kupimia. Varista zinazotakiwa kutupa mpigo ardhini nazo hazina pa kuutupa.

Usikate pini ya ardhi kuondoa mngurumo. Hata mara moja, hata kwa jioni moja. Mtu amesimama upande wa pili wa waya ule.

Kwa kazi yako

Kanisa lenye ukumbi wake: hakikisha waya wa ardhi upo na unafanya kazi, weka gadi ya ampea 30 kwenye laini ya mitambo, UPS ya kawaida kwa mikisa na risiva, sikwensa isiyojiwasha yenyewe kwa amplifaya. Hapo kondishona ya bei ni nyongeza, si msingi.

Studio ya chumbani: huna amplifaya kubwa, kwa hiyo sikwensa si lazima. Unahitaji gadi ya kuchomeka, UPS ya wimbi laini kwa kompyuta na kadi ya sauti, na mkono wako mwenyewe: spika ziwake mwisho, zizime kwanza. Pesa ikibaki, hapa kondishona ya koili ina maana, kwa kuwa shawa na mota za majirani ziko ukuta mmoja nawe.

Anayekodisha vyombo: raki yako inakutana na stima usiyoijua kila wikendi. Kwako kifaa kimoja chenye sikwensa na kukata volti kinafaa kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na pima soketi ya mwenyeji kwa mita kabla ya kuchomeka chochote. Fezi na nyutro, fezi na ardhi, nyutro na ardhi: vipimo vitatu, dakika moja.

Ofisi yenye seva: UPS ya onlaini nyuma ya gadi, na waya wa data kutoka UPS hadi seva ili seva ijizime yenyewe betri ikikaribia kuisha. Zamu nayo ipo huku: swichi ya mtandao kwanza, hifadhi ya data ifuate, seva mwisho, la sivyo seva inaamka na kukosa diski zake. Kumbuka pia mpigo haupitii stima peke yake. Waya wa antena juu ya paa, wa kamera za getini au wa mtandao unaotoka jengo jingine unaleta radi moja kwa moja kwenye ruta, na kondishona yoyote ya stima haiuoni.

Kimo nacho kinahesabika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inapooza kidogo kuliko ya Mombasa. Vyombo vingi vimeandikwa kutumika hadi mita 2,000, na Limuru imeshapita hapo. UPS ya onlaini na stabilaiza kubwa hupunguziwa mzigo kadiri kimo kinavyopanda. Tafuta mstari huo kwenye kitabu cha maelekezo, na uache nafasi ya hewa juu na chini ya kila kisanduku chenye feni.

Halafu hesabu plagi. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120 basi. Sikwensa iliyoandikwa kwamba kila njia inabeba ampea 20 lakini inaingia ukutani kwa plagi moja ina ampea 13 za kugawana njia zote. Raki ikizidi hapo, fundi avute laini yake kutoka kwenye boksi la breka, yenye waya mnene na soketi ya viwandani, na sikwensa iungwe hapo.